Picha za Nahodha Mcheshi

Wazee wetu walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Methali hiyo ilinijia moyoni siku moja darasani, nilipokuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha pili picha za zamani zilizotoka Marekani. Picha zenyewe zilipigwa katika bustani ya michezo iitwayo Disneyland, ambayo ilifunguliwa tarehe 17 Julai, 1955, katika mji wa Anaheim, jimbo la California. Katika picha hizo anaonekana mzee aliyevaa koti jeusi lenye vifungo vya shaba, na kofia ya unahodha kichwani. Uso wake umejaa tabasamu. Mbele yake amesimama mtoto mdogo ambaye ameushika kwa mikono miwili usukani uliomzidi kimo, naye mzee amemwekea mkono begani kana kwamba anamwambia, "Haya, nahodha, tutie nanga wapi?"

Wanafunzi walizitazama picha hizo kwa furaha, wakacheka. Kisha msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, je, nahodha huyu alikuwa akiiongoza meli kweli, au alikuwa akiigiza tu?"

Swali hilo lilikuwa fupi, lakini jibu lake si fupi. Mwanahistoria hana budi kuuliza vivyo hivyo kila aletewapo picha, yaani, ni kitu gani kinachoonekana hapa, na ni kitu gani kisichoonekana? Basi, msomaji, na tufuatane katika kulitafuta jibu.

Tuanze na meli yenyewe. Jina lake ni Mark Twain. Urefu wake ni futi 105, uzito wake tani 150, nayo huchukua abiria wapatao 300. Ina sitaha moja juu ya nyingine, dohani mbili ndefu, na nyuma yake gurudumu kubwa la makafi linalopiga maji na kuisukuma mbele. Kiunzi cha chini kilijengwa katika bandari ya Los Angeles, na sehemu za juu zikatengenezwa katika karakana za kampuni ya filamu ya Walt Disney huko Burbank. Siku ya kwanza ya bustani, kama walivyosimulia waliokuwapo, watu waliruhusiwa kuingia bila kuhesabiwa vema, hata meli ikalemewa na maji yakaanza kupanda sitahani. Tangu hapo ilijulikana kuwa hata chombo cha mchezo kina kiasi chake.

Mvuke wa meli hii ni mvuke wa kweli. Ndani yake mna boila inayochemsha maji, na mna mtu wa mitambo anayeuongoza mvuke huo uende kuzungusha gurudumu. Lakini usukani ule mkubwa ambao mtoto ameushika pichani hauiongozi meli. Chini ya maji, mahali ambapo kamera haikufika, umelazwa mtaimbo wa chuma, nayo meli hufuata mtaimbo huo kama vile garimoshi lifuatavyo reli zake. Haiwezi kwenda kushoto wala kulia. Safari nzima ni kiasi cha nusu maili, kukizunguka kisiwa kilichochimbwa na watu, kisha abiria hushuka pale pale walipopandia.

Je, nahodha hana kazi? La, kazi anayo. Yeye husimama juu katika chumba cha usukani na kuangalia kama mitumbwi na vyelezo vya wageni wengine vimekaa njiani, kisha humpelekea mtu wa mitambo ishara aongeze mwendo au apunguze. Tena hupiga kengele na honi, huwakaribisha watoto waliobahatika kupanda kwake, huwaandikisha katika daftari, na huwapa cheti cha urubani. Kwa hiyo nilimjibu msichana yule hivi: "Nahodha huyu alikuwa akifanya kazi ya kweli juu ya usukani wa uongo." Darasa lilicheka tena, lakini yeye hakucheka. Akauliza, "Sasa, mwalimu, usukani wa kweli ulikuwa wapi?"

Usukani wa kweli ulikuwa katika mto Mississippi, miaka mia moja kabla ya picha zile. Meli ya kwanza ya mvuke iliteremka mto huo kufika mji wa New Orleans mnamo Januari, 1812. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kushuka na mkondo, lakini kupanda juu kulikuwa ni kuivuta mashua kwa kamba na kuisukuma kwa pondo miezi mingi. Mvuke ulibadili mambo hayo. Pamba, sukari, nafaka na watu vikaanza kusafirishwa kwa wingi, na miji ya kando ya mto ikakua.

Katika mji mmoja mdogo wa kando ya mto huo, jina lake Hannibal, jimbo la Missouri, alilelewa kijana aliyeitwa Samuel Clemens, aliyezaliwa mwaka 1835. Kijana huyu alijifunza urubani kuanzia mwaka 1857, akapata hati yake mwaka 1859. Urubani wa siku hizo haukuwa mchezo. Rubani alipaswa kuujua kwa moyo mto mzima kutoka St. Louis mpaka New Orleans, kila pinda, kila fungu la mchanga, kila gogo lililozama, mchana na usiku. Tena mto wenyewe ulikuwa ukibadilika kila mwaka. Mabaharia walipima kina kwa bildi na kupaza sauti ili rubani asikie. Wakitamka "mark twain", maana yake ilikuwa "pima mbili", yaani futi 12 za maji, kina cha kutosha kwa chombo kupita salama. Clemens alipoacha maji na kuwa mwandishi, aliyachukua maneno hayo yakawa jina lake. Ndiyo asili ya jina la meli ile ya bustani.

Vilevile mto ule ulikuwa na vifo vyake. Boila zilipasuka mara kwa mara, kwa kuwa manahodha walipenda kushindana mbio na wenye meli walipenda faida. Mnamo Juni, 1858, meli iitwayo Pennsylvania ilipasuka, na Henry, mdogo wake Clemens, akafa kwa majeraha ya moto. Tarehe 27 Aprili, 1865, meli Sultana, iliyopakia watu wengi kupita kiasi, ilipasuka karibu na mji wa Memphis. Waliokufa walizidi elfu moja, wengi wao askari waliokuwa wakirudi makwao kutoka vitani. Katika picha za bustani hakuna hata kivuli cha mambo hayo. Watoto wanapuliza honi, na mvuke unapanda mweupe mbinguni.

Liko jambo jingine lisiloonekana, nalo ni zito zaidi. Ni nani waliotia kuni motoni katika meli za kweli? Ni nani waliobeba marobota ya pamba mabegani mwao? Wengi wao walikuwa watu weusi, na wengi wa hao walikuwa watumwa. Tena, meli zile zile zilizochukua pamba ziliwachukua wanadamu kwenda kuuzwa katika soko la New Orleans. Mmoja aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake ni William Wells Brown, aliyezaliwa mtumwa. Alitumikishwa katika meli za mto, akakodishwa kwa mfanyabiashara wa watumwa, akalazimishwa kuwang'oa wazee mvi zao na kuwapaka rangi nyeusi ili waonekane vijana mbele ya wanunuzi. Tarehe 1 Januari, 1834, meli ilipotia nanga katika mji wa Cincinnati, alishuka na mzigo begani kana kwamba anatumwa, akatokomea, asirudi tena utumwani. Mwaka 1847 alitoa kitabu cha maisha yake. Kwa mtu huyu meli ya mto ilikuwa gereza, na siku ile moja ikawa mlango wa uhuru. Utumwa ulikomeshwa Marekani nzima mwaka 1865.

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni ya Wamarekani, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu, tena sana. Katika bustani ile ile, tangu mwaka 1955, upo mto mwingine wa kuchimbwa, ambamo mashua ndogo hupita katika msitu wa kupandwa. Baadhi ya mashua hizo zilipewa majina ya mito yetu ya Kongo na Nile. Walioutengeneza mto huo walivutiwa na filamu iitwayo The African Queen, ya mwaka 1951, ambayo sehemu zake zilipigwa Uganda na Kongo. Filamu ilitokana na kitabu cha mwaka 1935 cha mwandishi C. S. Forester, na meli ya adui katika kitabu hicho ilifananishwa na meli ya kweli ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isitekwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Tazama basi jinsi habari inavyosafiri. Meli ya kweli ya Kigoma ikawa hadithi kitabuni, hadithi ikawa filamu, filamu ikawa mchezo wa watoto Marekani. Na kila ilipovuka daraja moja, watu wa nchi hizi walipungua. Mwishoni walibaki sanamu za kuchezesha, za washenzi wenye mikuki, wakitolewa mizaha na nahodha wa mashua. Wageni walicheka kwa miaka mingi. Ilipofika mwaka 2021 ndipo kampuni ile ilipoziondoa sanamu hizo za kudhalilisha na kuubadili mchezo.

Simwambii msomaji amchukie nahodha mcheshi. Nimezitazama picha zake mara nyingi, nami naamini tabasamu lake. Alipewa kazi ya kumfurahisha mtoto, akaifanya kwa moyo mwema, na mtoto yule huenda ni babu leo, anakitunza cheti chake sandukuni. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na historia haina ruhusa ya kuikanusha. Lakini wema wa mtu mmoja hautoshi kuwa ushahidi wa zama nzima. Picha husema kweli juu ya lile lililosimama mbele ya kamera kwa nukta moja. Haisemi lililokuwa chini ya maji, wala lililotangulia, wala lililoachwa nje kwa makusudi. Hayo hutafutwa kwa kuuliza.

Nami nitakiri jambo langu. Nyumbani kwetu iko picha moja ya babu yangu, aliyekuwa baharia katika meli za Ziwa Victoria, Kisumu, katika miaka ya 1950. Mabaharia saba wamesimama gatini kwa mstari, miguu mitupu, na nyuma yao meli inatoa moshi. Babu ni wa tatu kutoka kushoto. Utotoni nilikuwa nikiichezea picha hiyo wala sikumwuliza lolote. Nilipofika chuo cha ualimu na kuanza kupenda historia, nilirudi nyumbani na daftari langu, tayari kuuliza wale wengine sita ni nani, meli ni ipi, na nani alitia makaa motoni. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Nyuma ya picha hapakuandikwa neno.

Picha za nahodha wa bustani zimeandikwa mwaka na mahali, kwa maana familia zao zilikuwa na desturi hiyo, tena zilipigwa nyingi mno. Nahodha aliyeshika usukani usioongoza kitu anakumbukwa, hali watu sita walioendesha meli ya kweli ziwani kwetu hawana majina. Nani wa kulaumiwa? Mimi ninajilaumu kwanza, kwa kuwa niliishi nyumba moja na aliyejua.

Kwa hiyo, vijana, jioni ya leo mtakaporudi makwenu, tafuteni picha moja ya zamani. Mpelekeeni bibi au babu, mketi chini, mwulize: Huyu ni nani? Hapa ni wapi? Ulikuwa mwaka gani? Na aliyeshika kamera alikuwa nani? Andikeni majibu nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, taratibu, msiikwaruze. Msichana yule wa darasani kwangu alifanya hivyo, na juma lililofuata akaniletea picha ya nyanyake mbele ya duka, ikiwa na majina manne nyuma yake. Nilizihesabu herufi zake moja moja kama mtu ahesabuye fedha.