Maumivu ya kichwa mjini Gisenyi

Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu ulio ufukoni mwa Ziwa Kivu, mpakani na Goma, uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo hulaumiwa kwa urahisi kichwa kinapouma, lakini ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Kinachostahili kushukiwa mapema zaidi ni jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa: hutoa monoksidi ya kaboni, na maumivu hupungua mtu atokapo nje. Tiba hapo ni hewa safi, si kidonge. Itasemwa kwamba ipo malaria, na kwamba Nyiragongo, volkano iliyolipuka 2002 na 2021, hutoa gesi. Ni kweli, ndiyo maana mwenye homa hupimwa damu kwanza. Hata hivyo, maumivu mengi ya kichwa, huko na kwingineko, ni ya mkazo au kipandauso, nayo hutulizwa na usingizi, maji na parasetamoli kwa kiasi. Kuimeza siku 15 au zaidi kila mwezi huzaa maumivu mengine. Kichwa kikiuma ghafla kupita kiasi, shingo ikikakamaa au mkono ukilegea, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.