Nyali na Kengeleni: Kitongoji cha Pwani chenye Historia

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa kaskazini, kuna kitongoji cha Nyali. Wageni wengi hukijua kwa ufuo wake wa mchanga mweupe na hoteli zake. Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu nyingine ya kukijua.

Mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe, Rosine, alifariki, akazikwa upande huu wa bara. Krapf aliendelea kujifunza lugha ya wenyeji, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Mwaka 1875 wamishenari wa CMS walianzisha jirani na hapo makazi ya watumwa walioachwa huru, yakaitwa Frere Town. Walikuwamo Wayao, Wanyasa na Waafrika waliorejeshwa kutoka India. Kengele ilipigwa kuwaonya kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja. Ndiyo asili ya jina Kengeleni.

Daraja la kuelea la mwaka 1931, kisha daraja la saruji la mwaka 1980, yaliisogeza Nyali karibu na mji. Penye shamba la mkonge pakajengwa nyumba.

Tunapowapeleka wanafunzi kuogelea Nyali, basi, tuwapitishe kwanza Kengeleni. Mahali pale, kiambishi kimoja tu, -ni, kimehifadhi habari za watu waliokataa kurudishwa utumwani.