Ugonjwa wa Alzheimer: ubongo hubadilika kabla ya dalili kuonekana

Mzee anapouliza kwa mara ya nne asubuhi moja iwapo wajukuu wamekwenda shule, familia nyingi mjini Kigali husema ni uzee tu. Lakini ikiwa chanzo ni ugonjwa wa Alzheimer, basi ubongo wake ulianza kubadilika miaka 10 hadi 20 kabla ya swali hilo.

Mabadiliko hayo yalielezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyechunguza kwa hadubini ubongo wa mwanamke aliyefariki mwaka huohuo. Nje ya seli za neva aliona mabaka, ambayo leo yanajulikana kuwa ni protini ya amiloidi. Ndani ya seli aliona nyuzi zilizosokotana. Hizo ni za protini nyingine, tau.

Amiloidi hutangulia kujikusanya, ila tau ndiyo inayoandamana kwa karibu zaidi na kupotea kwa kumbukumbu. Miongoni mwa sehemu zinazoathiriwa mapema ni hipokampasi, iliyo ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, na ambayo umbo lake hufananishwa na farasi wa baharini. Humo jambo jipya hugeuzwa kuwa kumbukumbu ya kudumu. Seli zake zinapokufa, sehemu hiyo husinyaa, na mgonjwa humsahau mgeni wa jana huku akiikumbuka vyema harusi yake.

Hapa Rwanda hali hiyo ina uzito wa pekee. Mzee aliyenusurika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 anaweza kupotewa na ya leo akabaki na ya miaka ile, jamaa wakadhani ni ihahamuka peke yake. Huenda ikawa hivyo, au yote mawili kwa pamoja. Kutofautisha ni kazi ya daktari.

Wala si kila usahaulifu ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, sonona na kaswende iliyokaa muda mrefu huweza kufanana nao, na hayo yana tiba. Alzheimer yenyewe bado haina dawa ya kuiponya, ingawa kudhibiti shinikizo la damu na kisukari hupunguza hatari ya kuugua.

Hatua ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kinaweza kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa zaidi, ikiwemo ile ya Ndera, wilayani Gasabo, inayohudumia magonjwa ya akili na ya neva. Mzee afuatane na mtu anayeishi naye, kwani daktari atauliza usahaulifu ulianza lini na ni dawa gani anazotumia.