Mapokezi ya tamthilia ya Nashville

Nashville ni tamthilia ya televisheni ya Marekani inayohusu maisha ya wanamuziki wa kantri katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee. Ilibuniwa na mwandishi Callie Khouri, aliyewahi kupata tuzo ya Oscar kwa mswada wa filamu ya Thelma & Louise. Ilionyeshwa kuanzia tarehe 10 Oktoba 2012 hadi tarehe 26 Julai 2018, ikiwa na misimu 6 na vipindi 124. Misimu 4 ya kwanza ilirushwa na kituo cha ABC, na miwili ya mwisho na CMT, kituo cha kebo kinachojulikana kwa muziki wa kantri. Makala hii inaeleza jinsi watazamaji walivyoipokea: walichokipenda, kilichowaudhi, na jinsi walivyoiokoa ilipokuwa imekwisha kufutwa.

Hadithi kwa ufupi

Rayna Jaymes (ameigizwa na Connie Britton) ni mwimbaji aliyetamba kwa miaka 20, ambaye sasa rekodi zake haziuziki kama zamani. Kampuni yake ya kurekodi inamtaka afanye ziara pamoja na Juliette Barnes (Hayden Panettiere), nyota kijana anayeanza kumpita. Katikati yao yupo Deacon Claybourne (Charles Esten), mpiga gitaa na mtunzi aliyewahi kuwa mpenzi wa Rayna na ambaye bado anapambana na ulevi. Pembeni kuna vijana wanaotafuta njia, hasa Scarlett O'Connor, Gunnar Scott, Avery Barkley na Will Lexington, pamoja na mabinti wawili wa Rayna, Maddie na Daphne.

Nyimbo kwanza, hadithi baadaye

Kipindi cha kwanza kilitazamwa na watu karibu milioni 9. Matangazo yalikuwa yamewaahidi vita vya malkia wawili, mzee na kijana. Lakini kitu kilichokumbukwa zaidi katika kipindi hicho hakikuwa vita. Mwishoni, Scarlett na Gunnar, ambao hawajawahi kuimba pamoja, wanapanda jukwaani katika Bluebird Cafe na kuimba wimbo wa If I Didn't Know Better kwa sauti za chini, gitaa moja tu likiwasindikiza. Bluebird si mahali pa kubuni. Ni ukumbi mdogo ulioanzishwa mwaka 1982, wenye viti vipatavyo 90, ambako watunzi huketi katikati ya wasikilizaji na kuimba nyimbo walizowaandikia wengine. Ulijengwa mfano wake studioni kwa ajili ya tamthilia. Baada ya hapo ukumbi wenyewe ulijaa wageni, na milolongo ikawa inasimama nje kila siku.

Sababu ya nyimbo kupendwa inaeleweka. Msimamizi wa muziki katika msimu wa kwanza alikuwa T Bone Burnett, mume wa Khouri, na baada yake Buddy Miller; wote wawili ni wanamuziki na watayarishaji wenye heshima kubwa. Hawakutunga nyimbo za kuigiza. Walichukua kazi za watunzi wanaoishi kwa utunzi mjini humo. Kwa mfano, wimbo wa Undermine ulitungwa na Kacey Musgraves na Trent Dabbs. Waigizaji waliimba wenyewe. Wapo waliosema kwamba sauti ya Britton haikutosha kwa mtu anayeitwa malkia wa kantri, na kwa masikio ya mwandishi wa makala hii hoja hiyo ina ukweli. Lakini uigizaji wake ulifidia, na mwaka 2013 aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba mambo haya yako mbali naye. Nchini Kenya nyimbo za Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton zimesikika redioni kwa miongo mingi, na nchi hiyo ina waimbaji wake wa kantri, akiwemo Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis.

Malalamiko

Watazamaji walewale waliosifu nyimbo walichoshwa na sehemu za hadithi. Msimu wa kwanza ulitumia muda mwingi kwa siasa za mji, yaani kampeni ya umeya ya Teddy, mume wa Rayna, na njama za baba mkwe wake tajiri, Lamar Wyatt. Wengi waliona ni tamthilia nyingine iliyobandikwa juu ya ile waliyoijia. Kisha kulikuwa na mimba ya uongo ya Peggy katika msimu wa pili, na kesi ya Maddie ya kutaka kujitenga kisheria na wazazi wake katika msimu wa nne, ambayo iliwakasirisha hata wapenzi wakubwa wa familia hiyo.

Mambo mengine yalipokelewa kwa heshima. Will Lexington ni mwimbaji shoga anayeficha hali yake kwa hofu ya kukataliwa na wasikilizaji wa kantri, na watu wengi waliona simulizi hiyo inasema ukweli kuhusu tasnia yenyewe. Katika msimu wa nne Juliette anapata sonona baada ya kujifungua na kumkimbia mtoto wake. Mwaka huohuo wa 2015 Panettiere alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo, akaacha kazi kwa muda ili atibiwe. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtazamaji kumhukumu Juliette kirahisi.

Kufutwa na kurudishwa

Tarehe 12 Mei 2016 ABC ilitangaza kwamba tamthilia imefutwa. Vituo vya Marekani vinavyoishi kwa matangazo hupima kipindi kwa idadi ya watazamaji, hasa wenye umri wa miaka 18 hadi 49, ambao watangazaji huwalipia zaidi. Kufikia msimu wa nne, waliotazama saa ileile ya kurushwa walikuwa chini ya milioni 5 katika vipindi vingi. Wengine walirekodi na kutazama baadaye, na mtu anayetazama hivyo huruka matangazo.

Lililozidisha hasira ni kipindi cha mwisho cha ABC, kilichorushwa tarehe 25 Mei. Kiliisha huku ndege iliyombeba Juliette ikiwa imepotea angani. Mashabiki, waliojiita Nashies, walitia saini maombi na kueneza kaulimbiu ya #BringBackNashville, yaani "irudisheni Nashville". Waigizaji nao waliwaunga mkono. Tarehe 10 Juni, kabla ya mwezi mmoja kupita tangu kufutwa, CMT ilitangaza kuichukua kwa ushirikiano na Hulu. Si haki kusema kelele za mashabiki peke yake zilitosha, kwa maana kampuni ya Lionsgate iliyokuwa mshirika katika utayarishaji ilikuwa ikitafuta mnunuzi, na kituo cha kantri kilikuwa na sababu zake za kuitaka. Lakini bila kelele hizo mnunuzi asingekuwa na ushahidi kwamba watazamaji wapo na watafuata.

Kifo cha Rayna

Msimu wa tano, chini ya watayarishaji Marshall Herskovitz na Ed Zwick, ulianza polepole zaidi na kwa muziki mwingi, na wengi waliufurahia. Kisha, katika kipindi cha tisa, kilichorushwa tarehe 23 Februari 2017, Rayna alifariki kutokana na majeraha ya ajali ya gari. Britton mwenyewe alikuwa ameamua kuondoka.

Hapa mashabiki waligawanyika kuliko wakati mwingine wowote. Watu waliopigania tamthilia irudi waliona wameirudishiwa ili tu wanyang'anywe mhusika mkuu. Wengine walisema kipindi hicho, ambamo Deacon na mabinti wanamwimbia mgonjwa kitandani, ni kizuri kuliko vyote, na kwamba huzuni ya Deacon katika vipindi vilivyofuata ilimpa Esten kazi yake bora. Msimu wa sita haukupata utetezi wa namna hiyo. Juliette aliingizwa katika kikundi kinachofanana na dhehebu la siri, na hata waliobaki waaminifu waliona hadithi imepotea njia.

Kipindi cha mwisho kiliwarudisha pamoja kwa kiasi fulani. Britton alionekana tena katika kumbukumbu za nyuma, na katika tukio la kufunga, waigizaji na wafanyakazi wa nyuma ya kamera walipanda jukwaa la Ryman Auditorium kuimba pamoja A Life That's Good, wimbo uleule wa kitandani kwa Rayna. Waigizaji walikuwa wamekwisha zoea kuimba mbele ya hadhira halisi, kwa kuwa walifanya ziara za matamasha Marekani na Uingereza tangu miaka ya ABC. Mwaka 2023 wanne kati yao, Esten, Clare Bowen, Jonathan Jackson na Sam Palladio, walirudi Uingereza kuziimba nyimbo hizo.