Toleo thabiti la Debian

Toleo thabiti ni tawi la mfumo endeshi wa Debian linalotolewa rasmi kwa matumizi ya kila siku. Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, unasifika kwa msimamo wake usioyumba: toleo hutoka likiwa tayari.

Historia

Mwishoni mwa 1995 muuzaji mmoja wa CD alisambaza kimakosa nakala iliyokuwa bado inatengenezwa, akaipa namba 1.0. Ili kuepusha mkanganyiko, mradi uliiruka namba hiyo. Toleo la Juni 1996 likaitwa 1.1 (Buzz). Sarge (3.1) lilitoka Juni 2005, karibu miaka 3 baada ya Woody, toleo lililotangulia, kwa sababu programu mpya ya usakinishaji na miundombinu ya usalama hazikuwa tayari.

Utaratibu wa uamuzi

Kifurushi kipya huingia kwanza tawi lisilo thabiti, liitwalo Sid. Hukaa humo siku 2, 5 au 10, kulingana na uharaka wake, ndipo kivuke kwenda tawi la majaribio, lililoanzishwa mwaka 2000. Kikileta hitilafu mpya ya kuzuia toleo, hakivuki; vivyo hivyo kama vifurushi kinavyovitegemea havijawa tayari.

Hitilafu za kuzuia toleo ni za madaraja matatu: zinazoharibu programu nyingine au mfumo mzima, zinazofanya kifurushi kisitumike, na zinazokiuka vibaya sera ya Debian. Upotevu wa data na mianya ya usalama huingia humo pia.

Toleo linapokaribia, tawi la majaribio hufungwa hatua kwa hatua. Kuelekea mwisho, mtunzaji wa kifurushi anayeomba kuingiza marekebisho huionyesha timu ya matoleo, mstari kwa mstari, tofauti kati ya kifurushi cha zamani na kipya. Marekebisho madogo ya hitilafu kubwa hukubaliwa. Vipengele vipya hukataliwa, hata viwe vizuri namna gani. Kifurushi kisichotengenezeka huondolewa ili kisiwacheleweshe wengine. Timu hiyo ndiyo hupanga siku ya kutoa, hitilafu zilizobaki zikishapungua vya kutosha.

Ulinganisho

Ubuntu, iliyotokana na Debian mwaka 2004, hutoka kila baada ya miezi 6, tofauti na Debian inayosubiri toleo liwe tayari.

Umuhimu

Toleo thabiti hutumika sana kwenye seva. Mojawapo ya matoleo hayo, Bookworm (12), lilitoka Juni 2023.