Kutafuta mtandaoni: tumetoka wapi, na tunauliza nini?

Nimepotea kidogo hapa kijiweni, si unajua tena msimu wa asaimenti. Safari hii semina yetu ilipewa swali la vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, na pale maktaba nikaona jambo. Karibu kila mtu aliandika maneno mawili yaleyale kwenye Google, akafungua tokeo la juu, akanakili, akaenda zake kantini. Kwenye semina tukasikiliza aya ileile ikisomwa kwa sauti tofauti. Hakuna aliyedanganya, ila hakuna aliyetafuta pia.

Kwa kuwa nasoma historia, nikajiuliza swali la kihistoria: hiki chombo kimetoka wapi, na nani aliamua ukurasa huu uwe juu na ule uwe chini? Nikasoma, na leo nawaletea nilichopata. Niseme mapema: kila chombo cha kutafutia kilitengenezwa na mtu aliyeamua kiangalie kitu fulani. Ukijua kinaangalia nini, utajua namna ya kukiuliza. Na wengi wa watu hao walikuwa wanafunzi, tena wanafunzi waliochoka.

Tuanze 1990, kabla wavuti haijafika kwa watu. Intaneti ilikuwepo, lakini ilikuwa kompyuta za vyuo na maabara zenye mafaili ambayo ungeweza kuyachukua ilimradi ujue yako kwenye kompyuta ipi. Usipojua, umuulize anayejua. Pale Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, alikuwepo mwanafunzi wa uzamili aitwaye Alan Emtage, mzaliwa wa kisiwa cha Barbados. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwatafutia wenzake programu za bure kwenye kompyuta hizo. Badala ya kupekua moja moja, akaandika programu ya kukusanya orodha za mafaili na kuziweka mahali pamoja. Wakaiita Archie, yaani neno la Kiingereza archive likiwa limenyofolewa herufi v. Hiyo ndiyo injini ya kwanza ya kutafutia kwenye intaneti, na aliyeianzisha ni kijana kutoka kisiwa kidogo cha Karibiani. Emtage hakuiwekea hataza, na mwaka 2017 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya watu walioijenga intaneti.

Lakini Archie ilijua jina la faili tu, kilichomo ndani haikukijua. Kama faili lingeitwa "karatasi2" na ndani mna historia yote ya Kilwa, usingelipata.

Ikaja wavuti ya Tim Berners-Lee, iliyozaliwa CERN, Uswisi. Mwanzoni seva zilikuwa chache kiasi kwamba yeye mwenyewe aliziorodhesha kwa mkono. Zikaongezeka. Desemba 1993, katika Chuo Kikuu cha Stirling huko Uskoti, kijana Jonathon Fletcher akatengeneza JumpStation. Hii ilikuwa ya kwanza kuunganisha mambo matatu tunayoyajua leo: roboti inayotembea kutoka kiungo hadi kiungo, faharasa ya ilichokiona, na sehemu ya wewe kuandika unachotaka. Nafasi ya kompyuta ilikuwa finyu, kwa hiyo ilihifadhi vichwa vya kurasa na vya habari tu. Kufikia Juni 1994 ilikuwa na kurasa kama 275,000. Fletcher hakupata mtu wa kumgharamia, na mwisho wa mwaka huo akaondoka, JumpStation ikazimika. Wazo zuri, bajeti hakuna. Wanachuo mnaijua hiyo habari.

Aprili 1994 Brian Pinkerton, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Washington, akafungua WebCrawler, na hii ikasoma kila neno la ukurasa. Mwaka huohuo Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford, walikuwa wanafanya kinyume chake. Waliorodhesha tovuti nzuri kwa mkono, kwa makundi, kama rafu za maktaba. Orodha yao ikaja kuitwa Yahoo. Kwa hiyo palikuwa na njia mbili: mashine isiyochoka ambayo haielewi, na mtu anayeelewa lakini anachoka. Mtu alishindwa. Wavuti ilikua kuliko mikono, na saraka ya Yahoo ilifungwa mwisho wa 2014.

Tarehe 15 Desemba 1995 kampuni ya Digital ikafungua AltaVista. Kaka na dada zetu waliotumia intaneti mwishoni mwa miaka ya 90 wanaikumbuka. Ilikuwa na kasi, na ilimpa mtu wa kawaida lugha ya kuamuru: weka maneno ndani ya alama za nukuu upate yakiwa yamefuatana vilevile, weka alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka, tumia AND, OR, NEAR. Mantiki ya "na", "au" na "siyo" ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwanahisabati George Boole aliiandikia kitabu mwaka 1854, akiwa profesa huko Cork, Ayalandi. AltaVista yenyewe ilizimwa Julai 2013, ila alama zake nyingine bado tunazitumia.

Udhaifu wa hizi injini zilizosoma maneno ulijulikana haraka. Ukitaka ukurasa wako uwe juu, rudia neno mara mia, tena kwa maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe ili msomaji asione na roboti ione. Matokeo yakajaa takataka.

Hapo ndipo Larry Page na Sergey Brin, nao wanafunzi wa Stanford, walipoingia mwaka 1996. Wazo lao ni la kwetu wasomi. Mmarekani Eugene Garfield alikuwa ameshachapisha tangu miaka ya 60 faharasa ya nani kamnukuu nani katika sayansi, kwa imani kwamba makala inayonukuliwa sana ina uzito. Page na Brin wakasema kiungo ni kama nukuu: ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyingi, hasa kurasa ambazo nazo zinaelekezwa na nyingi, uwe juu. Makala yao ya 1998 ilieleza mfumo uliokusanya kurasa milioni 24. Na humohumo, kwenye kiambatisho, walionya kwamba injini inayolipwa na matangazo itaelemea upande wa watangazaji na kuwaacha wanaotafuta. Oktoba 2000 Google ikaanza kuuza matangazo yanayofuata maneno unayotafuta. Sisemi zaidi. Ila ukiona tokeo la juu limeandikwa kwa herufi ndogo kwamba limelipiwa, ujue walishatuambia.

Basi hesabu hiyo: jina la faili, kichwa cha ukurasa, kila neno, kisha umaarufu. Tunachokiona juu leo kimepitia vichujio vingi sana, lakini umaarufu bado una nguvu. Ndiyo maana tukiandika maneno yaleyale ya jumla sote tunaletewa ukurasa uleule. Mashine imefanya kazi yake, sisi ndio tumeuliza swali la kila mtu.

Haya, twende kwenye vitendo, na tubaki na Majimaji.

Kwanza, tafuta kwa neno adimu. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa Cambridge, alionyesha kwamba neno linalopatikana kwenye nyaraka chache linasaidia kutenganisha kuliko neno lililoko kila mahali. Wazo hilo limo kwenye injini mpaka leo. "Historia ya vita Tanganyika" ni maneno mapana. "Kinjikitile Ngarambe" ni maneno mawili ambayo hakuna mtu anayeyaandika pamoja ila anazungumzia jambo lenyewe. Soma kidogo kwanza, okota jina la mtu au kijiji, kisha rudi utafute kwa hilo.

Pili, ondoa usichokitaka. Ukiandika Majimaji utaletewa pia timu ya mpira ya Songea. Andika Majimaji -ligi -mpira. Angalia usiondoe Songea, maana vita navyo vilifika huko.

Tatu, chagua uwanja. Ukiongeza site:ac.tz unabaki kwenye tovuti za vyuo vya Tanzania. Ukiongeza filetype:pdf unapata zaidi tasnifu, ripoti na makala, unaepuka porojo. Ukiwa na bando la kuungaunga hii inaokoa MB. Na tusisahau kwamba kabla ya mkonge wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti ya pwani yetu ilitegemea setilaiti, na pale intaneti kafe ulilipia muda. Waliotutangulia walijifunza kuuliza vizuri kwa sababu saa ilikuwa inatembea na hela inatembea.

Nne, na hii kwa mtu wa historia ndiyo kubwa, tafuta kwa maneno ya aliyeandika, siyo yako. Mjerumani wa 1905 hakuandika Tanzania, aliandika Deutsch-Ostafrika. Aliandika Daressalam, Bagamojo, Kilimandscharo. Mreno wa karne ya 16 kwake Kilwa ni Quiloa. Ukitaka vitabu vya zamani vilivyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni, andika kama wao.

Lakini angalia hapa kuna mtego. Gavana Götzen alipoandika kitabu chake mwaka 1909, kwenye jina lake aliweka neno Aufstand, yaani uasi. Waingereza nao wakazoea rebellion. Sisi tunasema vita. Ukitafuta kwa neno "uasi" unafungua mlango wa aliyeasiwa, na ukitafuta kwa "vita" unafungua mwingine. Injini haitakuambia hilo, inaleta tu ulichotaja. Tafuta kwa yote mawili, kisha linganisha nani anasema nini. Hapo asaimenti yako imeshaanza kuwa na hoja.

Tano, fuata nukuu kwenda mbele. Google Scholar ilifunguliwa Novemba 2004 na chini ya kila makala kuna kiungo cha waliolinukuu andiko hilo. Chukua makala ya John Iliffe ya 1967 kuhusu Majimaji, bonyeza hapo, utaona nani alimkubali na nani alimpinga baadaye. Marejeo ya mwisho wa makala yanakurudisha nyuma, hiki kinakupeleka mbele.

Sita, ukurasa ukikutwa umekufa, nakili anuani yake upeleke Wayback Machine. Hifadhi hiyo ilianza kukusanya kurasa 1996 na kufunguliwa kwa umma 2001.

Sasa Kiswahili chetu. Injini zilijifunza kazi kwenye Kiingereza. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni maarufu ya kukata mikia ya maneno ya Kiingereza ili yanayotoka shina moja yahesabiwe pamoja. Neno letu halibadiliki mkiani tu, linavaa kofia pia: walipigana, wakipigana, hawakupigana, mapigano. Kanuni ya mikia haiwezi kitu hapo. Kwa hiyo ukitafuta kwa Kiswahili usiitegemee mashine ikufikirie, andika maumbo mwenyewe: walipigana OR wakipigana OR mapigano.

Mtaniambia zama hizi nani ana shida hiyo, unauliza tu ChatGPT. Ndiyo, tangu Novemba 2022 watu wameanza kuuliza huko, na tangu Mei 2024 Google nayo ilianza, kwa kuanzia na Marekani, kuweka jibu la akili mnemba juu ya viungo. Nami natumia. Lakini kihistoria hili ni badiliko kubwa. Kuanzia Archie mpaka juzi, chombo kilikuwa kinakupa orodha, na kuchagua ni kazi yako. Sasa kinakupa aya iliyopikwa tayari, na kazi ya kuuliza imetoka wapi inakuwa ya hiari. Kwa Majimaji aya hiyo itatumia neno gani, uasi au vita? Usipofungua chanzo hutajua kwamba kuna mtu amekuchagulia.

La mwisho. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiitwa University College, walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Majimaji na waliosimuliwa na baba zao. Walioikumbuka wote wameshakufa. Hakuna roboti ingeweza kuwapata, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameyaandika maneno yao mpaka wale wanafunzi walipokaa na kuandika. Injini hutafuta kilichowekwa tu. Kijijini kwenu kuna nini ambacho ukikiandika leo kwenye hicho kisanduku kinarudi kitupu? Jaribu likizo hii, kisha niandikie hapo chini kwenye maoni umetafuta neno gani.

Kazi njema, na waliobakiwa na asaimenti Mungu awatie nguvu.