Kushuka Kitandani: Historia ya Wagonjwa wa Moyo

Mwaka 1896, mjini Frankfurt, Ludwig Rehn alishona moyo wa kijana aliyechomwa kisu, na kijana akapona. Tiba ilikuwa imeufikia moyo, lakini imani katika kitanda haikutikisika. Hadi katikati ya karne ya 20, aliyepatwa na shambulio la moyo alilazwa wiki nne hadi sita, akilishwa na kugeuzwa kama mtoto mchanga, kwa hofu kwamba akijiinua moyo utapasuka. Huku akilindwa hivyo, damu iliganda miguuni ikapanda mapafuni, na wako waliouawa na ulinzi huo.

Waliopinga walikuwepo. Emil Ries wa Chicago aliandika mwaka 1899 juu ya kuwainua mapema wagonjwa aliowapasua, lakini wachache walimsikia. Vita Kuu ya Pili ilipoleta uhaba wa vitanda, majeruhi waliinuliwa upesi kwa lazima, na wakapona. Kisha, mwaka 1952, Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston wakatoa taarifa ya wagonjwa 81 wa shambulio la moyo waliokalishwa kwenye kiti badala ya kulazwa. Kukaa tu! Kwangu mimi, ujasiri huo haupungui ule wa mpasuaji.

Mwaka uliofuata John Gibbon alipasua moyo huku mgonjwa akitegemea mashine ya kusukuma damu, na upasuaji ukashamiri. Mwaka 1966, huko Dallas, vijana watano wenye afya walilazwa siku 20 tu kwa ajili ya utafiti. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukashuka kwa zaidi ya robo. Kama kitanda kiliwadhoofisha wazima kiasi hicho, aliyepasuliwa kifua je?

Leo, hali ikiruhusu, mgonjwa hukalishwa ukingoni mwa kitanda siku ya kwanza baada ya upasuaji, mirija ikiwa bado kifuani. Mtaalamu wa fiziotherapia huangalia mapigo, shinikizo la damu na oksijeni. Mgonjwa hukumbatia mto anapokohoa, mfupa wa kifua usitikisike. Hufuata hatua chache, kisha korido, kisha ngazi.

Nasi, ambao upasuaji wa moyo tunaupata Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, tuna kazi wodini. Ndugu huja na uji na kusema, "Pole, lala upumzike." Ni upendo mtupu, lakini humrudisha mgonjwa kitandani. Ndugu huyo aelezwe mapema, kabla ya siku ya upasuaji, ili muuguzi anaposema "twende," naye amhimize mgonjwa kusimama.